Theng'eta, Chang'aa na Vita Visivyoisha

Mara ya kwanza nilisoma Petals of Blood chuoni kwa sababu kulikuwa na mtihani. Mara ya pili niliisoma nyumbani Muhuru Bay, Machi 2024, kwa sababu stima ilikuwa imepotea siku tatu na dani alikuwa amenuna. Niamini, hivyo si kitabu kimoja.

Acha nieleze ile kununa. Februari mwaka huo watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Nchi ikashtuka, kama inavyoshtuka kila mara, na mwanzoni mwa Machi serikali ikatangaza masharti mapya na msako wa nchi nzima. Redioni neno lilikuwa moja tu: vita. Vita dhidi ya pombe haramu. Sasa, kutoka Kirinyaga hadi kwetu ni safari ya kuvuka karibu nchi yote, mpaka ufike pale ambapo ziwa liko mbele yako na Tanzania iko kushoto, ng'ambo ya vichaka. Lakini vita vikitangazwa Nairobi hufika kila mahali. Kwetu vilifika alfajiri moja na gari moja. Vilimwaga mapipa mawili ya kangara kwenye nyasi, vikapiga mtungi wa kutolea chang'aa teke, kisha vikataka kuzungumza faraghani na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni dani, bibi yangu mzaa baba. Amepika chang'aa tangu kabla baba hajaanza shule. Mapipa hayo ndiyo yaliyomsomesha baba, na baba ndiye aliyenisomesha mimi. Ukitaka kuwa mkali unaweza kusema hata makala hii imepikwa kwa sukari guru. Basi nikaketi mlangoni na kitabu, dani akaketi upande wa pili na hasira zake, na nikaanza kusoma hadithi ya mwanamke mzee anayepika pombe iliyopigwa marufuku.

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka 1977, ina hadithi nyingi ndani yake: mauaji ya wakubwa watatu, kijiji kilichokauka, mwalimu aliyechanganyikiwa, vita vya Mau Mau visivyotoka mwilini mwa waliopigana. Leo nataka moja tu, ile ya kinywaji. Kule Ilmorog kuna mmea unaoitwa theng'eta, na kuna kinywaji cha nafaka kinachopewa nguvu na mmea huo. Bibi Nyakinyua ndiye anayejua kukitengeneza. Anasimulia kwamba wakoloni walikipiga marufuku wakidai kinawafanya watu wavivu, ndiyo maana hawataki kwenda kufanya kazi zao. Bibi anakitengeneza tena, watu wanakunywa kwa heshima, ndimi zinafunguka, siri za zamani zinatoka. Kisha barabara kuu inapita Ilmorog. Wanja, mjukuu wake, na Abdulla, mpiganaji wa Mau Mau aliyepoteza mguu, wanaanza kuuza Theng'eta kwa wapita njia. Biashara inashika. Na biashara ikishika, leseni hupata mwenyewe: wanaporwa haki ya kuuza, na Theng'eta inakuwa bia ya kiwanda, yenye matangazo na wakurugenzi.

Nilipokuwa chuoni, mhadhiri alitufundisha kwamba hii ni hadithi ya ubepari. Sawa, ni kweli. Lakini ukiisoma huku kangara ikinuka kwenye nyasi za kwenu, unaona kitu kingine kabla ya ubepari. Unaona kwamba katika riwaya hii marufuku haiji na Biblia peke yake. Inakuja nyuma ya bunduki, baada ya watu kushindwa, wakati mshindi anahesabu mikono inayoweza kumfanyia kazi. Ngũgĩ anatufundisha kuuliza swali moja la maana sana: marufuku hii inamfaa nani? Swali langu ni dogo kuliko hilo, na nadhani riwaya hailifikii. Ni hili: kwa nini marufuku ya pombe hungoja vita ndipo ipite? Na yule aliyekuwa akilia pombe iondoke kabla ya vita, kilio chake huenda wapi?

Hebu tutoke Ilmorog kidogo, twende mbali, kwa sababu kisa kikubwa zaidi cha jambo hili si chetu.

Wanawake wa Marekani waliunda chama chao cha kupinga pombe mwaka 1874. Kilio chao kilikuwa wazi: mume anapokea mshahara Jumamosi, Jumatatu hakuna unga, na kati ya siku hizo mbili kuna kipigo. Waliimba, waliomba, walipiga magoti mbele ya milango ya baa. Majimbo kadhaa yalikubali, nchi nzima haikukubali. Zaidi ya miaka arobaini ikapita. Kisha Aprili 1917 Marekani ikaingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ghafla kila mtu akawa na masikio. Mwezi Mei sheria ya kuandikisha askari ikakataza kumuuzia pombe mtu aliyevaa sare. Mwezi Agosti sheria ya chakula ikazuia nafaka kutumiwa kutengeneza pombe kali. Na bia je? Bia ilikuwa na majina: Pabst, Schlitz, Busch. Majina ya Kijerumani, wakati wa kupigana na Wajerumani. Anayekunywa bia akawa kama anamnywesha adui.

Nafaka, mwili wa askari, adui. Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho ndicho wale wanawake walikuwa wanalilia. Vita viliazima kilio chao, vikakitafsiri kwa lugha yake. "Ananipiga" ikawa "anapoteza ngano."

Ukidhani natia chumvi, angalia tarehe. Vita vilisimama tarehe 11 Novemba 1918. Sheria ya Marekani ya kupiga pombe marufuku kwa ajili ya vita ilitiwa sahihi tarehe 21 Novemba 1918. Siku kumi baadaye! Bunduki zimenyamaza, watu wamecheza barabarani, na sheria ya vita ndiyo kwanza inapata sahihi yake. Januari iliyofuata badiliko la katiba likaidhinishwa, na mwaka 1920 nchi nzima ikakauka kwa miaka kumi na tatu.

Wengine walifanya vilevile kwa namna zao. Urusi ilizuia vodka mwaka 1914 jeshi lilipokuwa linakusanywa, na marufuku ikaishi kuliko mfalme mwenyewe. Uingereza haikupiga marufuku, lakini Lloyd George alikuwa akiilinganisha pombe na manowari za adui kwa madhara, Mfalme George wa Tano akaapa mwaka 1915 kutogusa kileo mpaka vita viishe, na baa zikaamriwa kufunga mchana ili wafanyakazi wa viwanda vya mizinga warudi kazini. Unajua baa za Uingereza ziliruhusiwa lini kukaa wazi mchana kutwa? Mwaka 1988. Wale vijana wa viwanda vya mizinga walikuwa wamezeeka na kufa, na saa yao ya kurudi kazini ilikuwa bado inafuatwa.

Sasa turudi nyumbani, maana vita hivyo vilifika kwetu pia, na vilifika mapema.

Muhuru iko ukingoni. Hatua chache kusini, wakati ule, ilikuwa nchi ya Mjerumani, na Shirati ilikuwa boma lake. Septemba 1914, wiki chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, Wajerumani waliingia, wakafika mpaka Kisii na kuushika mji. Kwenye ufuo wetu huuhuu, kaskazini kidogo, meli ya Kijerumani Muansa ilikuwa Karungu ikishusha shehena, na meli ya Waingereza Winifred ikaja, ikaona mambo ni makali, ikarudi kutafuta mwenzake. Mapigano ya Kisii yalipokwisha na Wajerumani kuondoka, kila mtu akajua kwamba ziwa si la samaki peke yake.

Kisha ikaja kazi ya kubeba. Nyanza ilitoa wapagazi wengi kuliko karibu mkoa wowote wa Kenya. Carrier Corps, midomo yetu ikaifanya Kariakoo, na jina hilo limebaki sokoni Nairobi na Dar es Salaam mpaka leo. Vijana waliozoea ugali wa mtama walipewa unga wa mahindi, mara nyingi usioiva vizuri kwa sababu kuni na muda havikuwepo, na matumbo yakawaua wengi kabla ya risasi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi. Waliorudi walikuta njaa ya 1918, na homa ya mafua ikawafuata nyuma.

Weka mtungi wa pombe katikati ya picha hiyo. Kinywaji cha Wajaluo, kong'o, hupikwa kwa nafaka, na watu hukusanyika kukinywa: kwa mazishi, kwa kulima shamba la jirani, kwa kuamua kesi ya ng'ombe. Ofisa anayetafuta wapagazi na unga hahitaji kuichukia pombe. Anahesabu tu. Mtungi mmoja ni nafaka ambayo haikwenda jeshini, na ni siku moja ambayo wanaume ishirini hawakwenda popote. Wakati huohuo, upande wa Kendu Bay, Waadventista walikuwa Gendia tangu 1906 wakifundisha kwamba mwili ni hekalu na kileo hakiingii hekaluni. Ofisa na mhubiri hawakuwa wanasema kitu kimoja. Mmoja alitaka roho na mwingine mabega. Lakini mlevi aliyekuwa akisikiliza, alisikia katazo moja tu.

Nisiseme vita ndivyo vilivyozaa marufuku Afrika. Tangu mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamechora eneo kubwa la bara hili ambamo pombe kali za biashara zilibanwa. Vita viliikuza marufuku, vikaipa meno. Tarehe 10 Septemba 1919, katika jumba la kifalme la Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, walipokuwa wakigawana mabaki ya vita, washindi walitia sahihi mkataba mwingine kuhusu pombe Afrika. Uliharamisha pombe kali za biashara na pia utengenezaji wa pombe ya kukenekwa katika maeneo hayo. Yaani mtungi, mrija na maji baridi ya dani vilikuwa haramu kwa mkataba wa amani miongo kadhaa kabla dani hajazaliwa. Hakuna hata mpagazi mmoja aliyeitwa pale mezani.

Na hapa historia inacheka, kwa sababu ujuzi wenyewe wa kukeneka ulitembea sana na majeshi. Askari wa Kisudani waliokuja na majeshi ya Mwingereza, mababu wa Wanubi wa Kibera, walijulikana kwa jin yao. Uganda mtu atakuapia kwamba waragi ni "war gin", jin ya vita. Neno lenyewe linaelekea zaidi kutoka kwa araki ya Kiarabu, lakini napenda vile masikio ya watu yalivyolisikia. Walisikia vita. Vita vilileta chupa kwa mkono wa kulia na sheria kwa mkono wa kushoto.

Baada ya vita nini kilifuata? Kipande shingoni, ili mwanaume asipotee kazini. Na mapema miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi likajipa haki ya kuuza pombe ya Kiafrika Pumwani kwenye ukumbi wake, huku mwanamke aliyepika nyumbani kwake akikamatwa kwa kosa la kupika. Mwaka 1922, ndugu wawili walowezi wakaanzisha Kenya Breweries. Bia yao haikuwa ya Mwafrika. Sheria ilimkataza.

Ukifika hapa unaelewa kwamba Ngũgĩ hakubuni kuporwa kwa Theng'eta. Alisogeza tarehe tu. Kumnyang'anya mwanamke mtungi, kuuharamisha, kisha kumuuzia mumewe kilekile kwa leseni, ni mchezo ambao mji wa Nairobi uliucheza zaidi ya miaka hamsini kabla ya kitabu. Na kuna jambo la kuhuzunisha: miaka mitatu tu baada ya riwaya kutoka, mwaka 1980, Bunge la Kenya huru lilipitisha sheria ya kupiga chang'aa marufuku. Sheria hiyo ikakaa miaka thelathini. Katikati yake, Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walikufa mitaa ya Mukuru kwa pombe iliyotiwa sumu, wengine wakapofuka. Iliondolewa mwaka 2010 na sheria ambayo wengi tunaiita ya Mututho, iliyoruhusu chang'aa ikitengenezwa kwa viwango na kufungwa kwenye chupa ya kioo. Chupa ya kioo! Nani Muhuru ana mtambo wa chupa? Theng'eta ileile.

Mpaka hapo niko na Ngũgĩ mia kwa mia. Pale ninapoachana naye ni pale ninapofunga kitabu na kumwona shangazi yangu akivuka uwanja.

Fikiria ni nani katika Petals of Blood anayetaka kileo kiondoke. Kuna mkoloni, anayetaka vibarua. Na kuna Munira, mwalimu, ambaye mwisho wa safari yake anaingia katika dini ya moto na kuwasha moto wa kweli. Basi. Karega anapigania wafanyakazi wa kiwanda cha bia, wapate mshahara na chama, lakini hamuulizi mtu nyumbani kwake bia inafanya nini. Kwa hiyo katika riwaya hii, anayeipinga pombe ni mnyonyaji au ni mtu aliyepotewa na akili. Theng'eta yenyewe ni safi mpaka pesa iiguse. Mama wa mlevi hayupo. Au kama yupo, hajapewa kiti.

Shangazi si mkoloni na hajawahi kuchoma nyumba. Ni binti wa dani, Mwadventista wa Sabato kwelikweli, na anauza omena. Miaka sita iliyopita mwanawe, binamu yangu tuliyelingana umri, alikunywa jioni kwenye kibanda cha mtu mwingine, si kwa dani, kisha akaingia mtumbwini na taa zake kwenda kuvua omena. Walimpata siku ya pili. Katika matanga, dani na shangazi walikaa kwenye mkeka mmoja na hawakusemezana. Shangazi hakuwahi kumwambia mama yake, "Ni wewe." Dani hakuwahi kumwambia binti yake, "Si mimi." Ndivyo wanavyoishi mpaka leo, nyua mbili, njia moja ya kwenda ziwani.

Ukimuuliza shangazi kama anataka chang'aa iishe, hatakupa hotuba ya historia ya ukoloni. Atakuambia ndiyo, leo, kabla ya chakula cha mchana. Na mimi mjukuu niliyesomeshwa na chang'aa, nimwambie nini? Kwamba mkataba wa Saint-Germain ulikuwa wa kibeberu? Ni kweli ulikuwa. Binamu yangu bado yuko chini ya ule mti.

Ngũgĩ angeweza kumweka shangazi ndani ya riwaya, na nafasi ilikuwepo. Abdulla alipigana msituni. Wakati wa Mau Mau, harakati zenyewe zilipiga marufuku: usinywe bia ya Mzungu, usivute sigara yake, na Nairobi mwaka 1953 usipande basi lake. Watu waliadhibiwa na wenzao kwa kukiuka. Hiyo ilikuwa marufuku ya pombe iliyotoka chini, ya waliokandamizwa, na nayo pia ilikuja na vita, na nayo pia ilihesabu: kila chupa ni shilingi kwa adui. Tena ilikuwa na uchungu wake. Ruhusa ya kunywa bia ya chupa Mwafrika aliipata mwishoni mwa miaka ya 1940 tu, baada ya askari wetu kurudi kutoka Burma na kwingineko. Haki iliyopatikana kwa vita vya mwenye nchi, ikawa ni ya kususiwa kwa vita vya mwananchi. Ningependa sana kumsikia Abdulla, mkongojo ubavuni, kikombe cha Theng'eta mkononi cha kumuuzia dereva wa lori, akikumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo kutokunywa kulikuwa silaha. Riwaya inampa kumbukumbu nyingi. Hiyo ningeikalia kurasa kumi.

Kwa sababu hiyo ingetuonyesha kwamba kuikataa pombe si lazima iwe lugha ya bwana. Kuna kuikataa kwa shangazi, kuna kuikataa kwa msituni, kuna kuikataa kwa wale wanawake wa 1874. Shida ni kwamba kila mara vita vinakuja, vinachukua kukataa huko, na kukirudisha kikiwa kimevaa sare. Na sare ikishavaliwa haivuliwi. Aliyelia kwa sababu ya kipigo anaambiwa amesaidiwa, na akiuliza mbona kipigo kipo bado, anaonyeshwa mapipa yaliyomwagwa.

Ndiyo maana neno "vita" redioni linanikera kuliko ninavyoweza kueleza kwenye basi. Si kwa sababu chang'aa haina hatia. Wengine wanatia humo vitu vya kuua mtu, na wanajua. Linanikera kwa sababu vita vina njia yake ya kuhesabu: mapipa mangapi, lita ngapi, washukiwa wangapi. Hakuna mtu anayesimama mbele ya kamera na kusema: leo tumeongea na akina mama kumi na wawili, na hivi ndivyo walivyosema wanataka. Hesabu hiyo haina picha nzuri.

Nimalizie na alfajiri ile, maana sijaisema yote. Gari lilipoonekana likishuka kutoka barabarani, aliyeliona wa kwanza alikuwa shangazi, anaamka mapema kwa ajili ya omena. Alikuja mbio, kitambaa hakijakaa kichwani. Mapipa mawili hakuweza kuyainua. Lakini kulikuwa na mtungi wa pili, ule mzuri, wa shaba mrija wake, ambao dani aliununua zamani kwa kuuza ng'ombe. Shangazi aliubeba kiunoni kama mtoto, akaupitisha nyuma ya ua, akauficha jikoni kwake mwenyewe, chini ya gunia la omena, ndani ya nyumba ambayo Sabato yake haijawahi kuingia hata soda ya rangi ya kutilia shaka.

Nilimuuliza baadaye, si unataka hii kitu iishe? Akanitazama vile wanavyotutazama sisi wa Nairobi.

"Nataka iishe," akasema. "Hao hawakuja kuimaliza. Walikuja kuchukua chao. Mama yangu akikosa mtungi mzuri atatumia mbovu, na mtungi mbovu ndio unaua watu."

Jioni ile nilimsomea dani ile sehemu ya Nyakinyua na Theng'eta, nikitafsiri kwa Dholuo nilivyoweza. Alisikiliza kama fundi anayesikiliza fundi mwingine akisifiwa. Akauliza nafaka ililowekwa siku ngapi. Akauliza nani alikuwa anachota maji. Akasema huyo bibi anajua kazi. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, tulidhani hasikilizi.

"Na hao waliokunywa," akauliza, "mama zao wamesema nini?"

Nikafungua kurasa mbele, nikafungua nyuma. Dani naye alikuwa ananingoja nijibu.

Wiki iliyofuata nilirudi Nairobi. Nilipokuwa naaga, kulikuwa na pipa jipya nyuma ya nyumba, limefunikwa kwa gunia, na bei ya kikombe ilikuwa imepanda shilingi kumi, kwa sababu ya yale mazungumzo ya faragha. Mtungi mzuri ulikuwa bado jikoni kwa shangazi. Hakuna aliyeuomba, na hakuna aliyeurudisha.